Kabati la Bibi na Kasri la Berlin: Jaribio la Kuainisha Baroko kwa Ngeli

Kabati la bibi yangu pale Kagoma, Muleba, lina glasi kumi na moja na mguu mmoja. Ni glasi za divai, zile za mguu mrefu, zilizoletwa zawadi siku ya harusi ya mjomba mkubwa, na tangu siku hiyo hakuna mdomo wa binadamu uliozigusa. Zimepangwa juu ya sinia, sinia limekaa juu ya kitambaa cha kufuma, kitambaa kimetandikwa kwenye rafu, na rafu iko nyuma ya kioo kinachofungwa kwa ufunguo ambao bibi huufunga kwenye pindo la kanga. Majirani wa glasi ni tembo watatu wa mpingo wanaopungua ukubwa kuelekea dirishani, saa iliyogoma saa nne kasorobo, Bikira Maria wa plasta, chupa tupu ya manukato na birika la kaure lisilo na kifuniko. Juu ya kabati, ukutani, wajukuu watano wamevaa joho. Mgeni akifika hupewa kwanza buni za kutafuna, kisha chai, na chai huinywea kikombe cha bati kutoka jikoni.

Mtu wa kawaida angekunywa chai yake, akashukuru, akaaga. Mimi, kwa bahati mbaya, nimesoma, na Mhaya aliyesoma hawezi kuona kabati akalinyamazia. Ndugu zetu wa mikoa mingine walishatubandika jina la nshomile kwa sababu ya ugonjwa huu, nasi badala ya kuukana tumeufanya cheo. Kwa hiyo nililitazama kabati, nikajiuliza swali la kitaalamu: hiki ni nini?

Ulaya wana jibu. Chumba kilichojaa vitu vya thamani visivyotumika, vimepangwa ili mgeni ajue amefika kwa nani, kilikuwa sehemu ya lazima ya kasri la mfalme katika karne ya 17 na ya 18, zama wanazoziita za Baroko. Siku hizi makasri hayo huwaalika wasanii walio hai waje waweke vitu vyao vya ajabu katikati ya vile vya kale, mtazamaji azunguke humo akiwa amechanganyikiwa kwa adabu. Sanaa hiyo nitaiita sanaa ya kusimika. Neno linafaa kuliko wanavyojua wenyewe, kwa sababu kwetu husimikwa nguzo, na husimikwa pia askofu na mfalme.

Tatizo ni kuainisha. Linnaeus wa Uswidi alichapisha Systema Naturae mwaka 1735, akagawa viumbe kwa madaraja, watu wakashangilia. Wabantu hatukushangaa. Tulikuwa tumegawa ulimwengu mzima zamani, viumbe na vitu, mahali na mawazo, tena kwa namna ambayo mtoto wa miaka minne haikosei. Tunaiita ngeli. Naazima basi chombo cha nyumbani, naainisha.

NGELI YA JI-MA, AU YA UKUBWA

Wataalamu husema neno Baroko lilitoka Ureno, barroco, lulu iliyopinda. Hiyo ni asili ya neno tu. Asili ya jambo lenyewe iko katika sarufi yetu: chukua nyumba, sema jumba. Chukua mtu, sema jitu. Chukua nyoka, sema joka. Baroko ni ngeli ya ukubwa iliyopewa fedha za serikali. Tofauti ndogo ni kwamba sisi mara nyingi hukuza kwa kupunguza, kikapu kikawa kapu, mguu ukawa guu, ngoma ikawa goma, ilhali wao walikuza kwa kuongeza dhahabu.

Mfano kamili ni Kasri la Berlin. Lilikuwapo tangu karne ya 15, likiwa nyumba ya watawala tu. Mwaka 1698 mchongaji na msanifu Andreas Schlüter alianza kuligeuza jumba la Baroko, kwa kuwa bwana wake alikuwa akijiandaa kuwa mfalme, na mwaka 1701 kweli akajivika taji. Pamoja na jumba, Schlüter alitakiwa kujenga mnara mrefu pembeni yake, Mnara wa Sarafu. Ardhi ilikuwa tepetepe. Mnara ukaanza kuinama, ukatiwa viegemeo, ukazidi kuinama, na mwaka 1706 ukabomolewa usije ukaua watu. Schlüter akapoteza kazi ya kasri.

Mtafiti makini hapo hukohoa kidogo, kwa sababu si mnara wa kwanza. Roma, Bernini mwenyewe, baba wa Baroko, alijenga mnara wa kengele kwenye Kanisa la Mtakatifu Petro. Ukuta ulipasuka nyufa, na mwaka 1646 mnara ukashushwa jiwe kwa jiwe huku wapinzani wake wakitazama. Jina lake lilichafuka, kisha likatakata tena akajenga ule uwanja wa nguzo ambao kila Papa mpya huutazama kutoka roshani.

Sasa rudi Buhaya, katika karne ileile. Pale Katuruka, karibu na Maruku, wazee husimulia habari za Omukama, yaani mfalme, Rugomora Mahe wa Kyamutwara, ambaye wanahistoria humweka katikati ya karne ya 17. Rugomora Mahe aliwaita wahunzi, akawaagiza wajenge mnara wa chuma utakaofika mbinguni, apate kuona kuna nini huko. Wahunzi wakajenga. Mnara ukaanguka.

Naomba msomaji aipime hali hii bila upendeleo wa kikabila. Wakati mmoja wa historia ya dunia, watawala wa Roma na wa Kyamutwara, na wa Berlin baada yao kidogo, waliagiza mnara uelekee juu, na yote mitatu haikudumu. Ule wa Berlin na ule wa Roma ilikuwa ya mawe na matofali. Wa kwetu ulikuwa wa chuma, zaidi ya miaka mia mbili kabla ya Eiffel kusimika wake Paris mwaka 1889. Kama ni suala la ubunifu, nani alikuwa mbele? Sijibu, nisije nikathibitisha lile jina la nshomile.

Na chuma hicho hakikuwa cha ngano tu. Mwanaakiolojia Peter Schmidt alifuata masimulizi ya wazee hadi mti mtakatifu wa Kaiija, akachimba, akakuta mabaki ya kazi ya chuma iliyotangulia enzi ya Mahe kwa karne nyingi. Mwaka 1978 yeye na mhandisi Donald Avery waliandika katika jarida la Science kwamba wahunzi wa Buhaya walipeleka mifereji ya udongo hadi ndani ya tanuri, hewa ikaingia ikiwa tayari ni ya moto, wakapata chuma cha kaboni. Kwa hiyo mnara wa Rugomora Mahe haukukosa malighafi wala mafundi. Ulikosa, kama ule wa Schlüter, mtu wa kumwambia mfalme kwamba ardhi haitaki.

Hapa naweka kanuni: kitu cha Baroko kisichowahi kutishia kumwangukia mtu ni mapambo tu. Kwa kipimo hiki jumba la Kanazi la Omukama Kahigi, lililojengwa enzi za Wajerumani, linabaki na alama ya wastani, maana halijamwangukia mtu. Makaburi ya marumaru yanayong'aa katikati ya migomba vibanjani mwetu yanapata alama ya juu kidogo. Mtu aliyeishi miaka sabini juu ya sakafu ya udongo hulazwa chini ya vigae vyeupe ambavyo mkewe hakuwahi kupata kwa ajili ya jiko, na hilo Bernini, mchongaji wa makaburi ya mapapa, angelielewa bila mkalimani.

NGELI YA KI-VI

Mfalme akishamaliza jumba hugundua kwamba lina nafasi nyingi, naye hukusanya vitu vidogo. Kule Dresden, August aliyeitwa Mwenye Nguvu alianza mwaka 1723 kupanga hazina yake katika vyumba vinavyoitwa Grünes Gewölbe, Kuba la Kijani, ili wageni waione. Humo mna kazi ya sonara Dinglinger iliyomchukua miaka saba, 1701 hadi 1708: baraza zima la mfalme Mwislamu wa India, Aurangzeb, vikaragosi zaidi ya mia wa dhahabu wenye rangi, tembo na wapiga magoti, vito kwa maelfu. Dinglinger hakuwahi kufika India. Alisoma vitabu vya wasafiri akajaza mengine kichwani, utaratibu ambao magazeti yetu hayajauacha.

Ila kinachonigusa mimi katika makabati ya wafalme hao ni kifuu cha nazi. Ndiyo, kifuu. Pwani kifuu hutumika kuchotea maji, kinatiwa mpini kikawa upawa, kikipasuka kinatupwa jikoni kiwake. Ulaya ya karne zile kifuu kilichovuka Bahari ya Hindi kilichongwa picha za Biblia, kikavishwa mikanda ya fedha, kikasimamishwa juu ya mguu wa dhahabu, kikafungiwa kabatini jirani na yai la mbuni lililotendewa vivyo hivyo. Mwanamke wa Lamu angekitazama kitu hicho kwa muda mrefu, kisha angeuliza maji ya kuchota yako wapi.

Hapo ndipo penye sifa ya ngeli hii. Kitu cha KI-VI huingia kabatini siku kinapoachishwa kazi. Glasi za bibi yangu hazikuachishwa, zilistaafu kabla ya kuajiriwa, na hiyo ni daraja ya juu zaidi ambayo Dresden haikuifikia, kwa kuwa August alikuwa na tabia ya kunywea vyake.

Wasanii wa leo wameielewa siri hiyo, wakaigeuza. Mwaka 2012 Mreno Joana Vasconcelos alipewa jumba la Versailles. Katika Ukumbi wa Vioo, ambamo mfalme wa Ufaransa alijitazama mara nyingi kuliko ilivyohitajika, akaweka jozi ya viatu vya kike vya kisigino kirefu, kila kimoja kirefu kuliko mtu, vilivyoundwa kwa sufuria na mifuniko ya sufuria. Simba wa mawe akawavisha vitambaa vya kufuma.

Nilimwonyesha bibi picha hizo kwenye simu. Viatu vya sufuria alivitazama, akavuta kidole kama nilivyomfundisha ili picha ikue, akahesabu mifuniko kimyakimya. Akauliza wapishi wa nyumba ile walipika kwa nini siku hizo. Simba wenye vitambaa ndio waliomkasirisha.

"Huyu mtu amefuma mwenyewe?"

Nikamweleza kwamba msanii ana karakana, ana wafumaji.

"Basi angewaambia wavute uzi. Umelegea hapa shingoni."

Nimesoma maandishi mengi ya uhakiki kuhusu Vasconcelos. Hakuna aliyegusia uzi wa shingoni.

Lazima niseme pia, kwa haki, kwamba kitambaa cha kufuma si uzushi wa Muleba. Baroko ilifika kwetu masandukuni. Mapadri Weupe walifungua misheni ya Kashozi mwaka 1892, na misheni haikuja na sala peke yake. Ilikuja na kitambaa cha altare, kinara cha mishumaa, malaika wa plasta mwenye mashavu. Bibi zetu walivitazama vitu hivyo kila Jumapili kwa miaka sitini, wakaenda nyumbani wakasimika altare ya pili sebuleni, wakaweka redio mahali pa tabernakulo. Redio ilipokufa ikaja televisheni, nayo ikavishwa kitambaa kilekile.

NGELI YA A-WA

Hii ndiyo ngeli inayonisumbua usiku.

Februari na Machi 1876 Henry Morton Stanley alikuwa mgeni wa Omukama Rumanyika wa Karagwe. Siku moja Rumanyika akampeleka kuona nyumba yake ya hazina, nyumba ya msonge iliyoezekwa vizuri kwa nyasi. Stanley alikuwa mtu wa kuhesabu, akahesabu: bata kumi na sita wa shaba ya njano wenye mabawa ya shaba nyekundu, wanyama kumi mfano wa pofu, ng'ombe kumi wa shaba nyekundu wasio na vichwa. Kulikuwa na mikuki ambayo mipini yake ni minyororo, mingine imezungushiwa nyaya nyembamba mno, visu vipana vyenye makali ya kutisha, vyungu na mabakuli ya mti yaliyong'arishwa, kigoda cha mfalme kilichochongwa katika gogo moja, ngoma. Na katika heshima yake pekee ilikuwamo bunduki, zawadi aliyoiacha msafiri Speke, aliyepita huko kabla yake.

Yaani kabati la kifalme. Dresden ilikuwa na kifuu cha nazi kutoka pwani za Bahari ya Hindi, Karagwe ilikuwa na bunduki kutoka kwao, na kila upande uliweka cha mwenzake mahali pa heshima bila kukitumia. Pasingekuwa na Bahari ya Mediterania na miaka mingi katikati, August na Rumanyika wangekaa kibarazani wakabishana nani ana wahunzi bora, na ubishi huo August angeushindwa.

Lakini tazama sarufi. Nimeandika bata wa shaba, nisingeweza kuandika vingine. Kiswahili hakijali kama bata ni wa nyama au wa shaba. Ni bata, na bata huchukua wa, wamesimama, wananing'inia, wanakutazama. Sasa mwandikishe bata huyohuyo kwenye daftari la makumbusho: "Sanamu ya bata, shaba, ina mkwaruzo upande wa kushoto, imehifadhiwa vizuri." Imehifadhiwa! Kwa kiambishi kimoja bata amefariki, na hakuna aliyepigiwa simu.

Kwa ng'ombe wa Karagwe msiba ni mkubwa zaidi, maana ufalme wenyewe ulikuwa ng'ombe na chuma. Nyundo ya mhunzi ilikuwa miongoni mwa alama za mtawala, na mfalme alisimama mahali pa mhunzi mkuu. Ng'ombe wa chuma au wa shaba wa Omukama alikuwa na kazi. Tunapomwita pambo tunasema tumesahau kazi yake, ila tunasema kwa sauti ya mtu anayejua.

Kuhusu hao wasio na vichwa nina hoja ya kitaalamu. Yinka Shonibare, aliyezaliwa London mwaka 1962 akakulia Lagos, amejipatia jina duniani kwa kusimika watu wa plastiki waliovaa magauni na makoti ya kimwinyi ya Ulaya ya karne ya 18, yote yameshonwa kwa vitenge, na wengi wao hawana vichwa. Kitenge chenyewe kina kichekesho chake, kwani Waholanzi ndio waliokichapa kwa kuiga batiki za Indonesia, kisha kikaja kuitwa cha Kiafrika. Vichwa amevikata kwa kukumbuka mashine ya Mapinduzi ya Ufaransa, iliyowapunguza mabwana urefu. Wahakiki wanasifu wazo hilo. Mimi nasema tu kwamba Rumanyika alikuwa na kumi, mwaka 1876, na kiingilio kilikuwa bure.

NGELI YA U-ZI

Humu kuna kitu kimoja, utepe wa kupimia.

Miaka kumi na minne hivi kabla ya Stanley, mwishoni mwa 1861, John Hanning Speke alifika kwa Rumanyika. Aliambiwa kwamba wake wa wakuu hunenepeshwa kwa maziwa mpaka hawawezi kusimama wima. Akaomba kumpima mmoja, shemeji wa mfalme. Akaandika: mkono inchi 23, kifua 52, paja 31, shavu la mguu 20, urefu 68. Namba hizo zilichapishwa Uingereza, na zimesomwa na watu wengi kuliko walioweza kulitamka jina la Bweranyange, makao ya mfalme huyo.

Kilichosahaulika ni bei. Mama yule hakupimwa bure. Speke alimwahidi kwamba naye atamwonyesha mikono na miguu yake iliyo wazi, na akamwonyesha. Kwa hiyo siku ile ndani ya nyumba ile kulikuwa na watazamaji wawili na vitu viwili vya maonyesho. Mmoja alikuwa na kalamu. Angekuwa nayo yule mwingine, leo tungejua shavu la mguu la Speke lilikuwa inchi ngapi, na je, lilistahili safari ndefu kiasi kile.

NGELI YA PA-KU-MU

Walimu wa sarufi huipa ngeli hii dakika kumi za mwisho wa kipindi, kwa kuwa ina nomino moja tu, mahali. Kwa mada yetu ndiyo mama wa ngeli zote. Sanaa ya kusimika si kitu. Huwezi kuibeba, huwezi kuitundika. Unaingia humo. Ukitaka kuisema vizuri lazima useme humu mnanuka moshi, pale pameinama, huku kunatisha.

Kasri la Berlin ni fundisho lake. Mabomu yaliliunguza mwaka 1945. Serikali ya Ujerumani Mashariki ikalilipua mwaka 1950, ikaja ikajenga hapohapo Jumba la Jamhuri, nalo likabomolewa na Wajerumani walioungana. Kuanzia 2013 wakajenga upya kasri lililolipuliwa: kuta tatu za nje kwa sura ya Schlüter, ukuta wa nne wa zege la leo, gharama kama euro milioni 680. Kwa mtu wa Kagoma jambo hilo halina ajabu. Mtu anabomoa nyumba ya babake, anajenga ya kisasa, kisha akizeeka anatamani ile ya babake. Ajabu ni kilichowekwa ndani. Ndani ya jumba la mfalme wa Prussia, lililopewa jina la Humboldt Forum, wakaweka vitu vya Afrika, Asia na kwingineko kutoka Makumbusho ya Etnolojia. Makumbusho hayo yana vitu vya Tanzania takriban 10,000, na vingi vilichukuliwa enzi ya Ujerumani kutawala huku, baadhi vitani.

Vitu elfu kumi. Kabati la bibi lina kumi na tisa.

Mtazamo wa upande wetu ulianza taratibu. Mwaka 2016 Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, yalifanya maonyesho ambayo jina lake lilisema ni kuishi ndani ya simulizi, wasanii wetu wakiijibu historia ya vitu hivyo badala ya kuvisubiri virudi. Mwaka 2018 Berlin, kisha Old Moshi, likasimikwa jambo kuhusu Mangi Meli wa Wachaga, aliyenyongwa na Wajerumani tarehe 2 Machi 1900, na ambaye kichwa chake kinatafutwa hadi leo. Wachaga wanauonyesha mti aliponyongewa. Hapo mzaha wangu wa vichwa vya ng'ombe wa shaba uniwie radhi, unakaa nje ya mlango. Novemba 2024 Humboldt Forum ikafungua maonyesho juu ya historia ya Tanzania, yaliyoandaliwa pamoja na Makumbusho ya Taifa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ndani ya kuta zilezile za Schlüter.

Kisarufi nini kimetokea? Kitu kilichokuwa cha A-WA nyumbani kiliwekwa I-ZI kabatini kwa zaidi ya miaka mia, na sasa msanii anajaribu kukipitisha PA-KU-MU, akitumaini kwamba ukitengeneza mahali vizuri, aliyekuwamo atarudi humo. Msanii wa Berlin anahitaji taa, projekta na ruzuku. Pale Kagoma tarehe 10 Septemba 2016, alasiri, kazi hiyo ilifanywa na ardhi yenyewe. Tetemeko la 5.9 lilipita Bukoba na Muleba. Watu walikufa, nyumba zililala chini, na waliosalia walitandika magodoro migombani. Nyumba ya bibi ilisimama na ufa mmoja. Kabati liliinama mbele, likarudi, likabaki limeinama kidogo kushoto kama mnara wa Schlüter. Wajukuu wa joho walianguka wote watano. Glasi moja kati ya kumi na mbili ilivunjika kichwa.

Bibi alizoa vigae akavitupa. Mguu hakuutupa. Aliurudisha juu ya sinia, mahali pake, mstari wa pili, wa tatu kutoka kulia, na ndipo upo. Nilimwuliza kwa nini, nikiwa na daftari.

"Nikiuondoa, zitakuwa kumi na moja."

Nilijaribu kumwonyesha kwamba tayari ni kumi na moja. Akanitazama kwa huruma ambayo walimu wangu wa chuo kikuu hawakuwahi kuwa nayo.

NGELI YA KA-

Ngeli hii Kiswahili sanifu kinaionea haya. Katoto, kagari, kajumba, tunaitumia kudharau, na wakati mwingine kubembeleza. Kihaya hakina aibu hiyo. Na Kagoma, ukilichambua neno kama lilivyo, ni kangoma, ngoma ndogo.

Ngoma katika nchi za maziwa makuu ni dola. Kwetu mtu akiingia kwenye kiti cha ufalme husemwa amekula ngoma. Basi kwa mizani ya JI-MA, ngoma ndogo ingekuwa dola hafifu, na hivyo ndivyo nilivyokuwa nimeandika katika rasimu ya kwanza, mpaka nilipokumbuka kisa ambacho Speke alihadithiwa palepale Karagwe. Mfalme Ndagara alipokufa, wanawe walishindania kiti. Wakuu wa nchi wakaleta mbele yao ngoma ndogo sana, uzito wake kama unyoya. Ilikuwa imetiwa dawa, ikawa nzito kwa kila asiyestahili. Ndugu zake wakainama, wakavuta, wakatoka jasho, haikuinuka. Rumanyika akainyanyua kwa kidole kidogo.

Basi ule mguu wa glasi na sinia lake nikaviandikia kadi nyeupe, kwa herufi nadhifu, kama kadi za makumbusho: jina la msanii (bibi yangu), mwaka (2016, unaendelea), vifaa (kioo, sinia, uzi, tetemeko), ngeli (KA-, ikisubiri uthibitisho). Niliikata vizuri. Nilimweleza bibi kwamba kila kitu chenye thamani duniani kina kadi yake, na kwamba mimi mwenyewe nimeiandika, waitu, na naomba aiweke mbele ya sinia.

Akaivaa miwani, akaisoma mbele na nyuma, akaguswa kwa namna yake. Akaipapasa, akaona ni karatasi ngumu. Akaikunja mara moja, mara mbili, mara ya tatu kwa kuibana na meno, akainama taratibu huku ameshika kiuno, akaichomeka chini ya mguu wa kushoto wa kabati. Akasimama, akalisukuma kwa kiganja.

Halikutikisika.